NDEGE YA KUPIMA SUMAKU YA ARDHI: BAINA YA DHANA NA YAKINI

(Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara huko Rau, Moshi, mkoani Kilimanjaro, mbele ya wakaazi na watumishi wa Serikali. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi na wananchi wa Visiwani, ambao jambo hili linawahusu vilevile.)

Nimetoka pwani kuja chini ya mlima, na nimepokewa kama ndugu. Kwa kuwa mgeni mwema hasemi mengi, nitajitahidi kuwa na jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni hili. Ipo kazi ya utafiti inayofanywa na ndege ndogo zinazoruka chini, zikienda na kurudi juu ya mashamba na makaazi kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayelima matuta. Ndege hizo hupima nguvu ya sumaku ya ardhi. Mwaka 2023 Wizara ya Madini ya Jamhuri ya Muungano ilitangaza dira yake ya kufikia mwaka 2030, na ikaeleza kuwa eneo lililokwishapimwa kwa kina kwa njia ya ndege lilikuwa asilimia 16 tu ya nchi, na kwamba lengo ni kufikia asilimia 50. Maana yake ni kwamba wananchi wengi ambao hawajapata kuziona ndege hizi wataziona.

Ndege ikiruka chini juu ya kihamba cha mtu, na mtu huyo hakuambiwa kitu, atajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mmoja atasema ardhi inatafutiwa mnunuzi. Wa pili atasema dhahabu imeonekana. Wa tatu, naye ndiye wa kuogopwa, atazunguka na karatasi yenye rangi nyekundu na buluu akidai kuwa ni ramani ya siri ya madini, na kumtaka mwenzake atoe fedha au auze shamba. Kinga ya mambo hayo ni elimu.

Sumaku ya mwamba

Manahodha wa kwetu waliojua kusafiri kwa kusi na kaskazi waliijua dira. Sindano yake hutii sumaku ya dunia. Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, aliandika kitabu akieleza kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Katika sehemu hizi za kaskazini ya Tanzania nguvu ya sumaku hiyo ni zaidi kidogo ya nanotesla 33,000, na nanotesla ni kipimo kidogo mno. Vyombo vya kisasa vinavyofungwa katika ndege huweza kutambua tofauti iliyo chini ya nanotesla moja.

Juu ya sumaku hiyo ya dunia, kila aina ya mwamba huongeza au hupunguza kidogo. Sababu kubwa ni madini ya chuma yaitwayo magnetaiti, yaliyomo kwa wingi katika baadhi ya miamba na kukosekana katika mingine. Vijana wa hapa wanaweza kuthibitisha hili bila ya gharama. Chukueni sumaku ya spika ya redio mbovu, ifungeni katika karatasi, kisha ipitisheni juu ya mchanga mweusi mkavu ulioletwa na maji kutoka mlimani. Chembe zitaruka na kuganda. Hizo ni chembe za lava iliyosagika, na ndizo zinazoifanya ndege ihisi mlima.

Tofauti baina ya sumaku inayotazamiwa mahali na ile iliyopimwa hasa, wataalamu huiita hitilafu ya sumaku. Neno hili lisitishe. Halina maana ya kuharibika. Maana yake ni kwamba mwamba wa hapa si sawa na mwamba wa pale.

Ndege inavyofanya kazi

Chombo cha kupimia sumaku huitwa magnetomita. Kile kilichofaa kubebwa na ndege kiliendelezwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 na Victor Vacquier na wenzake, na katika Vita Kuu ya Pili kilitumika kusaka nyambizi zilizojificha chini ya bahari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, chombo kilichotafuta chuma majini kikapelekwa kutafuta chuma maweni.

Aghalabu chombo hufungwa kwenye mkia mrefu nyuma ya ndege ili kiwe mbali na injini. Ndege ikienda kilomita 250 kwa saa, na chombo kikipima mara 10 kwa sekunde, hupatikana kipimo kimoja kwa kila mita 7 hivi za ardhi. Chombo kingine huwekwa chini, mahali patulivu, kwa sababu sumaku ya dunia nayo hupanda na kushuka mchana kutwa kwa athari ya jua. Hesabu ya huyu wa chini hutolewa katika hesabu ya yule wa juu. Kadhalika reli, nyaya za umeme na mapaa ya mabati hutia kelele zao, na hizo pia hazina budi kuchujwa.

Kwa nini ndege iruke chini? Kwa sababu nguvu ya sumaku hufifia haraka mno kwa umbali. Kwa kitu kidogo kilichojikusanya pamoja, umbali ukiongezeka mara mbili, alama yake hubaki sehemu moja tu kati ya nane. Kuruka chini, basi, ni sharti la kazi, na wala si ujeuri wa rubani.

Tanzania Bara ilipimwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu katika miaka ya mwisho ya 1970 hadi 1980, kazi iliyofanywa na kampuni ya Geosurvey International. Mistari ya ndege iliachana kwa kilomita moja, na ndege iliruka kiasi cha mita 120 juu ya ardhi. Data hizo zimehifadhiwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyoko Dodoma, nazo zimewafaa watafiti mpaka hivi leo.

Hata hivyo, wavu wa matundu makubwa haukamati dagaa. Bomba la mwamba wa kimberlaiti la Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, lina eneo la hekta 146. Kitu kama hicho hakiwezi kupotea baina ya mistari miwili ya kilomita moja. Lakini bomba lenye upana wa mita 200 linaweza kupita katikati lisionekane kabisa. Ndiyo maana upimaji wa kina hukaribisha mistari, na ndiyo maana ndege zinarudi mahali palipokwisha kupimwa zamani.

Ramani inavyosomwa

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Katika vyuo vyetu vya Kurani tulifunzwa mapema kupambanua baina ya dhana na yakini. Dhana ni makisio yenye hoja. Yakini ni jambo lililothibiti. Ramani ya sumaku ni dhana yenye hoja nzuri. Yakini haipatikani mpaka mtu amefika, ameokota jiwe, amechimba na amepima. Sababu zake ni nne.

Kwanza, chombo hakioni madini. Huona chuma ndani ya mwamba. Huko Geita dhahabu yenyewe haina sumaku, lakini baadhi yake imo ndani au kando ya matabaka ya miamba yenye chuma kingi ambayo ndege huyaona vizuri. Tanzanaiti ya Mererani, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haivuti sumaku hata kidogo. Mabomba mengi ya kimberlaiti yanajulikana Tanzania, lakini machache tu yamekuwa machimbo ya almasi. Anayesema kuwa rangi nyekundu katika ramani ni dhahabu, ama hajui ama anakusudia kudanganya.

Pili, alama moja inaweza kuwa na maana mbili. Mtu akisikia ngoma nyuma ya ukuta, huenda ni ngoma ndogo iliyo karibu, na huenda ni ngoma kubwa iliyo mbali. Wataalamu hupata msaada katika umbo la alama: kitu kilicho karibu hutoa alama nyembamba na kali, na kilicho chini sana hutoa alama pana na tulivu, kama kandili inavyotoa duara dogo lenye nuru ikikaribishwa ukutani, na mwanga mpana hafifu ikisogezwa mbali. Hata kwa msaada huo, miili ya aina mbalimbali chini ya ardhi inaweza kutoa alama ileile. Kwa hiyo hesabu peke yake haikati shauri.

Tatu, sisi tu karibu na ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki hupita kaskazini ya ikweta tuijuayo, juu ya nchi ya Ethiopia. Kwa sababu hiyo sumaku ya dunia hapa Moshi imelala kuliko ilivyosimama. Mwinamo wake ni yapata nyuzi 25 hadi 30 tu. Natija yake ni kwamba mwamba wenye sumaku kali unaweza kuonekana katika ramani kama bonde badala ya kilima, au kilima chake kikasogea pembeni. Mtu asiyejua, akachukua ramani akaenda kuchimba palipo na kilele cha rangi, huenda akachimba mahali sipo.

Nne, mwamba una kumbukumbu. Lava inapopoa huhifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule. Na sumaku ya dunia imepinduka mara nyingi katika umri wake, kaskazini ikawa kusini. Mara ya mwisho ilikuwa yapata miaka 780,000 iliyopita. Mlima wenu umejengwa kabla na baada ya siku hizo. Shira, aliye mkubwa kwa umri, alianza yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, Mawenzi alifuatia, na Kibo ndiye mdogo wao, aliyeanza kuinuka yapata miaka nusu milioni iliyopita. Kwa hiyo lava kongwe huweza kubeba sumaku iliyopinduka, ilhali lava za Kibo zimefuata mwelekeo wa sumaku tulio nao sasa. Ndugu watatu wa tumbo moja, na huenda wakasomeka tofauti katika ramani.

Rau na maji yake

Wazee wangu, mtaniuliza: haya yote yatatusaidia nini sisi wa Rau, ambao hatuna mgodi?

Rau inaishi kwa maji. Msitu wa Rau, wenye miti ya msoo, unasimama kwa sababu maji ya chini ya ardhi yako karibu na mizizi. Mto Rau hushuka kutoka mlimani na kulisha mashamba ya mpunga ya Moshi Chini, ambayo miundombinu yake ya umwagiliaji ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Watu wameongezeka, mashamba yameongezeka, na visima vinachimbwa. Kisima kikikosa maji, fedha iliyochangwa na kaya nyingi imekwenda. Kisima kikipata maji yenye floraidi nyingi, kama inavyotokea mahali mbalimbali katika nchi hizi za volkano, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu inaonekana katika meno na mifupa ya watoto.

Magnetomita haioni maji, na mtu asiwadanganye kuwa inaona. Inachoweza ni kuonyesha umbo la nyumba ambamo maji hukaa. Inaweza kusaidia kuonyesha ulimi wa lava ya zamani uliofunikwa na udongo wa mto unakomea wapi. Inaweza kuonyesha kuta za mwamba wa moto zilizopenya katika nyufa na kuganda, ambazo mahali pengine huzuia maji kama boma na mahali pengine huyaongoza. Inaweza kutoa makisio ya kina cha miamba kongwe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ile ile inayoonekana katika milima ya Upare, kabla haijazama chini ya lava. Lakini hapa kuna ugumu ambao ni haki kuutaja: lava yenyewe ina sumaku nyingi, nayo hupiga kelele kubwa inayofunika sauti ya miamba iliyo chini yake.

Kwa hiyo utaratibu ulio salama una daraja zake. Ndege huonyesha mahali pa kutazama. Wapimaji wa ardhini hufuata na vyombo vya kupima jinsi udongo na mwamba unavyopitisha umeme. Kisha huchimbwa kisima cha majaribio. Kisha maji hupelekwa maabara, na floraidi hulinganishwa na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Atakayeruka daraja moja, huyo ameuza dhana kwa bei ya yakini.

Na sisi wa Visiwani

Nitawasemea kidogo ndugu zangu wa Unguja na Pemba watakaosoma maneno haya. Kwetu hakuna lava. Juu pana mawe ya matumbawe, mchanga na udongo, ambavyo havina sumaku ya maana. Kwa magnetomita, jiwe la chokaa ni kama kioo: huonekana yaliyo nyuma yake. Kinachohisiwa zaidi kwetu ni miamba migumu iliyo chini sana, na kwa kukisia kina chake mtu hukisia unene wa matabaka yaliyolala juu yake. Unene huo ndio wanaoutaka watafutaji wa mafuta na gesi. Hivyo chombo kilekile ambacho hapa Rau husumbuliwa na kelele za mwamba wa juu, kwetu husikiliza kimya mpaka chini.

Mwaka 2017 ndege ya utafiti ya kampuni ya Bell Geospace iliruka juu ya Visiwa vyetu kwa ajili ya kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah. Kazi yake kuu ilikuwa kupima mabadiliko madogo ya mvuto wa ardhi, ambacho ni kipimo ndugu wa kipimo cha sumaku. Kabla ya hapo, visima virefu vilikwisha chimbwa Unguja katika miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960, bila ya kupatikana mafuta ya kuuza. Vizee vyetu vinakumbuka matumaini yaliyokuwapo. Fundisho ni lilelile: ndege kupita si mafuta kupatikana, na mafuta kutopatikana jana si ushahidi kuwa hayapo. Baina ya mawili hayo, kazi ya Serikali ni kusema kweli kwa kipimo chake.

Haki ya mwananchi na wajibu wa mtumishi

Ndugu Wananchi, ndege kupita juu ya kihamba hakumuondolei mtu haki yake juu ya ardhi. Kweli, kwa mujibu wa sheria za Jamhuri ya Muungano, madini yaliyo chini si mali binafsi ya mwenye shamba. Lakini kutoka katika kipimo cha angani mpaka kuingia shambani kuna safari ya kisheria: leseni, taarifa, mazungumzo na mwenye kumiliki, na fidia pale inapostahiki. Mwenye kuja na ramani peke yake hana ruhusa ya kuingia, na aelekezwe ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya Kijiji.

Kwa upande wetu sisi watumishi, naomba tuyazingatie yafuatayo kila kazi ya namna hii inapokaribia:

1. Wananchi waarifiwe kabla ndege haijaonekana, kwa barua kwa viongozi wa kata na mitaa, na kwetu Visiwani kwa Masheha. Kwa redio, kwa misikiti na makanisa, na kwa wanafunzi wa skuli, kwani mtoto ndiye mjumbe asiyechoka.

2. Taarifa ieleze siku zinazotarajiwa, urefu wa kuruka, na ofisi ambayo mtu ataiendea na swali lake. Wafugaji waambiwe mapema, kwani mlio wa ndege ya chini hushtua mifugo.

3. Ielezwe wazi kinachopimwa na kisichopimwa. Tusiwaahidi watu dhahabu ili watukubali, wala tusifiche jina la madini ili wasiulize.

4. Kazi ikimalizika, matokeo yaelezwe kwa lugha ya wananchi, hata kama matokeo yenyewe ni kwamba hapakuonekana jambo la kufuatilia. Jibu la "hapana" nalo ni jibu, na mwenye kulingoja ana haki ya kulipata.

5. Anayeuza ramani za madini mitaani, au kuchangisha fedha kwa jina la utafiti, apelekewe vyombo vya dola bila ya kuonewa haya.

Haya si mambo ya gharama. Barua moja iliyoandikwa kwa uangalifu ni rahisi kuliko saa moja ya kurusha ndege, na bila ya barua hiyo, saa hiyo huenda ikazaa uvumi wa miaka kumi. Mzee aliyeuza kihamba chenye makaburi ya wazazi wake kwa kuhofia kuwa kitachukuliwa, au kwa kudanganywa kuwa mahali pengine pana utajiri, hawezi kurejeshewa na ramani yoyote, hata ikiwa sahihi namna gani.

Nawaomba wazee wa Rau waulize, tena waulize sana. Nawaomba watumishi wenzangu wajibu kwa kadiri ya wanavyojua, na wasipojua wawapeleke watu kwa mwenye kujua. Tukifanya hivyo, siku ndege itakapopita tena chini ya mawingu ya Kibo, mtoto atainua kichwa na kusema kuwa wale wanapima sumaku ya mawe, kisha ataendelea na mchezo wake.